Kununua na kufufua nyumba ya mawe Lamu: maswali tunayoulizwa mara kwa mara

Mimi na mume wangu tulinunua nyumba ya mawe upande wa Mkomani, Lamu, kifungua mimba wetu akiwa na miaka minne na mdogo wake bado ananyonya. Paa lilikuwa limeanguka upande mmoja, mpapai umeota katikati ya kiwanda, yaani ua wa ndani ya nyumba, na popo wamejaa chumba cha ndani. Tangu tuhamie, haupiti mwezi bila vijana waliooana juzijuzi kuja kuketi dakani petu, kwenye baraza la mlangoni, na kuuliza yale yale. Nimeona niyaandike majibu mahali pamoja. Naandika kwa kuitazama Lamu, lakini mwenye nyumba kama hii Pate, Mombasa Mji wa Kale au Mji Mkongwe wa Unguja ataona mengi yanamhusu, isipokuwa mambo ya sheria, kwa kuwa ardhi ya Zanzibar ina sheria zake.

Kwa nini mlinunua gofu badala ya kiwanja?

Tulianza na uwezo wetu. Kujenga upya kulitaka kila kitu kitoke Mombasa kwa lori hadi Mokowe, kisha kwa mashua hadi mjini, na hesabu ilitushinda. Gofu lilikuwa na kuta tayari, na bei yake tuliimudu kwa akiba yetu na mkopo wa chama.

Halafu kuna joto. Kuta hizi zina unene wa karibu nusu mita, vyumba vimefuatana kutoka kiwandani kuelekea ndani, na kadiri unavyoingia ndivyo jua linavyobaki nyuma yako. Msana wa tini, msana wa yuu, kisha ndani: katika chumba hicho cha mwisho watoto hulala mchana wa Februari bila feni. Waliojenga walijua walichofanya.

Na sababu niliyokuwa naiona aibu kuisema kwa wauzaji, wasije wakapandisha bei: tulikuwa hatutaki kuiona ikianguka. Nyumba nyingi za mawe zilizosimama Lamu leo mizizi yake ni karne ya 18. Ikianguka moja, mahali pake hapajengwi nyingine kama hiyo. Panabaki uwanja wa taka na mbuzi, na nyumba za jirani zilizokuwa zimeegemeana nayo zinaanza kupasuka.

Nitajuaje kwamba anayeniuzia ana haki ya kuuza?

Hapa kaa utulie, maana fedha za vijana wengi zimepotelea hapa kuliko kwenye mawe na boriti.

Nyumba ya zamani Lamu mara nyingi haina mwenyewe mmoja. Babu alifariki, akaacha watoto saba. Watatu wamefariki nao, wameacha wao. Mmoja yuko Mombasa, mwingine Jeddah, mwingine hajulikani alipo. Anayekuletea habari ya kuuza anaweza kuwa mrithi wa kweli kabisa, na bado hawezi kuuza peke yake. Kwa familia za Kiislamu, mirathi huamuliwa na Mahakama ya Kadhi. Omba uone uamuzi huo kwa macho yako: majina ya warithi wote na mafungu yao. Kisha kila mmoja aweke sahihi, au ampe wakala mamlaka kwa hati inayotambulika kisheria. Dalali akikwambia "huyo shangazi wa Oman hana neno, tutamalizana naye baadaye", funga mkoba wako uende nyumbani. Shangazi wa Oman akija miaka mitano baadaye, wewe umeshapiga niru, ile lipu laini ya chokaa.

Swali la pili ni la wakfu. Nyumba kadhaa za zamani ziliwekwa wakfu kwa msikiti, kwa mafukara, au kwa kizazi cha mwenyewe, na mali ya wakfu haiuzwi. Waulize wazee wa mtaa na imamu wa msikiti ulio karibu kabla ya kumuuliza wakili, kwa sababu wao ndio wanaokumbuka. Kisha wakili aulize rasmi.

Wakili wako, asiwe yule yule wa muuzaji, aende kwenye rejista ya ardhi akathibitishe jina la mwenye hati, mipaka, na kama kuna rehani au zuio. Hati nyingine za pwani zina asili yake kwenye sheria ya usajili wa ardhi ya 1908, na ramani zake haziendani na ukuta unaouona leo. Mpimaji aje apime. Na kama muuzaji ana mke au mume na wanaishi humo, Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inataka mwenzake akubali. Msichukulie kwamba kunyamaza ni kukubali.

Sisi jambo hili lilituchukua miezi kumi na moja kabla ya kulipa hata amana. Mume wangu alitaka kukata tamaa mara mbili. Leo ndiyo miezi ninayoishukuru kuliko yote.

Gharama gani zinakuja juu ya bei ya nyumba?

Mnunuzi hulipa ushuru wa stempu, ambao kwa ardhi ya mjini ni asilimia 4 ya thamani inayokubaliwa na mthamini wa serikali, na mashambani asilimia 2. Kuna ada ya wakili, ya mpimaji na ya usajili. Muuzaji naye ana kodi ya faida ya mauzo, ambayo tangu Januari 2023 ni asilimia 15. Usiruhusu ikahamishiwa kwako kimyakimya ndani ya mkataba.

Mume wangu si Mkenya. Tunaweza kununua?

Kwa Katiba ya 2010, asiye raia hawezi kupata umiliki wa milele wa ardhi Kenya. Anaweza kupewa umiliki wa kukodi usiozidi miaka 99. Zungumzeni na wakili kuhusu jina litakaloandikwa, na mlizungumze ninyi wawili kwanza, kwa uwazi, kabla ya kufika kwake.

Siku ya kwanza ya kukagua, nitazame nini?

Nenda mara mbili: mara moja kiangazi, mara moja wakati wa masika, mwezi wa Mei, mvua ikinyesha. Nyumba itakusimulia yote siku hiyo ya mvua.

Panda juu kwanza. Dari za zamani zimejengwa kwa boriti za mikoko zilizopangwa karibu karibu, juu yake vipande vya mawe, kisha tabaka nene la kokoto na chokaa lililoshindiliwa. Kila paa lilipovuja, wenyewe walizoea kuongeza tabaka jingine la chokaa juu ya lile la zamani. Miaka mia ya kuongeza hivyo imefanya mapaa mengine kuwa mazito mno kwa boriti zilizoko chini yake. Ukiona dari imebonyea katikati kama kitanda cha kamba, usisimame chini yake ukipiga picha.

Kisha zifuate boriti mpaka zinapoingia ukutani. Katikati boriti huonekana nzima; huoza kwenye ncha, mahali ambapo ukuta unazishika na unyevu. Chukua msumari mrefu au bisibisi nyembamba, choma karibu na ukuta. Ikizama kama kwenye mkate wa mofa, andika. Sisi tulichoma zote, moja moja, tukaziwekea alama kwa chaki: duara kwa nzima, msalaba kwa iliyokufa. Chumba cha sabule, yaani cha wageni, kilikuwa na misalaba mitupu.

Kuta zitazame kwa kiganja. Chini kabisa ni kawaida kuona unyevu, na unga mweupe wa chumvi usikutishe sana. Kinachotisha ni ukuta uliotumbuka, yaani uso wake umeachana na kiini chake. Ukiugonga kwa mkono unasikia uwazi. Huo utahitaji kufunguliwa na kujengwa upya.

Na nyufa. Tumelelewa na methali kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na ni kweli, lakini kwa nyumba ya mawe ufa usizibwe kabla haujaulizwa umetoka wapi. Paka kipande chembamba cha plasta ngumu juu ya ufa, andika tarehe, uache. Kikipasuka ndani ya miezi michache, nyumba bado inasogea, na kuziba ni kuficha tu. Ukikuta kizima baada ya masika na kiangazi, huo ni ufa wa zamani uliokwisha kupumzika.

Je, ni lazima kuomba ruhusa kabla ya kutengeneza?

Ni lazima. Mji wa kale wa Lamu ulitangazwa rasmi kuwa mahali pa kuhifadhiwa mwaka 1986, ukaingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na majengo kama haya yanalindwa na Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya 2006. Unahitaji idhini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na ya serikali ya kaunti kama ujenzi mwingine wowote.

Watu wengi huiogopa hatua hii kama wanavyoogopa polisi wa barabarani. Nawaambia waende mapema, wakiwa na mchoro wa penseli tu na maswali yao. Wahifadhi wameona nyumba nyingi, na shauri lao la bure lilituokoa tusibomoe ukuta ambao kumbe ulikuwa umebeba wikio la jirani. Wikio ni kile chumba kinachovuka juu ya kichochoro kuunganisha nyumba mbili. Ukiwa chini unaona kivuli tu, lakini uzito wake unakaa kwenye kuta zako na za mwenzio.

Jirani naye ni ofisi ya ruhusa, ingawa hana muhuri. Kuta ni za pamoja, maji ya paa lako yanashukia kichochoro chake, na urefu wa ukuta wako wa juu unaamua kama watu wako watachungulia kiwanda chake. Dirisha jipya linalotazama kwa watu ni ugomvi wa vizazi. Kabla ya kazi kuanza, mama mkwe alinichukua nyumba kwa nyumba, pande zote nne, na sahani ya visheti. Hatukuomba kibali, tulieleza tu vumbi litakuja lini. Tangu siku hiyo Mwana Esha wa nyuma yetu ndiye aliyekuwa akiwakemea mafundi wakichelewa.

Kazi ianzie wapi?

Paani. Usinunue hata kitasa kabla maji hayajazuiwa kuingia kwa juu. Mwaka wetu wa kwanza wote uliishia kwenye kutegemeza dari kwa nguzo, kupunguza uzito wa tabaka za juu, kubadilisha boriti zilizokufa, na kuezeka makuti yenye mwinamo mkali. Mifereji ya paa tuliielekeza mbali na misingi. Wageni walikuja wakaona ndani bado ni pango, wakatusikitikia. Lakini masika yaliyofuata kuta zilianza kukauka zenyewe, bila fundi kuzigusa.

Kwa nini mnakataza saruji? Fundi wangu anasema ndiyo imara.

Swali hili ndilo ninaloulizwa zaidi, na nitalijibu kwa urefu kwa sababu nimeona nyumba nzuri zikiuliwa na mapenzi ya wenyewe.

Jiwe la matumbawe, ambalo ndilo lililojengea nyumba hizi, lina vitundu vidogo vidogo. Maji hupanda ndani yake kutoka ardhini, na huingia mvua inapopiga, na katika mji ulio ukingoni mwa bahari maji hayo hubeba chumvi. Hakuna aliyewahi kuyazuia yasiingie. Wajenzi wa zamani waliyapa njia ya kutoka. Chokaa hupitisha unyevu, kwa hiyo ukuta hulowa masika na upepo wa kaskazi hukausha, mwaka baada ya mwaka. Mafundi wazee husema ukuta unatoa jasho.

Saruji ni ngumu kuliko jiwe lenyewe na haipitishi jasho hilo. Ukiupaka ukuta saruji, mwaka wa kwanza unapendeza, mkavu, ulionyooka. Ndani yake maji yamekosa pa kutokea, yanapanda juu zaidi kutafuta mwanya. Chumvi inaganda nyuma ya plasta na kutanuka, mpaka siku moja kipande kikubwa kinaanguka, kikiwa kimebandua na uso wa jiwe. Yaliyofichika ni mabaya zaidi: ncha za boriti sasa zimekaa ndani ya ukuta unaolowa siku zote. Zitaoza, na utakayoona yamebonyea ni dari ya ghorofa ya pili, ambako hukutia saruji hata kijiko.

Kuna na jambo la kusogea. Nyumba ya mawe haikusimama juu ya msingi wa zege. Husogea kidogo na ardhi. Chokaa ni laini, huvumilia. Saruji haivumilii, hupasuka, na maji huingia kwenye ule mpasuko.

Nasema haya na nimekosea mwenyewe. Ukuta wa choo cha chini tuliupiga saruji, kwa sababu fundi mmoja alituhakikishia kwamba kwenye maji chokaa haifai, nasi tulikuwa tumechoka kubishana. Masika mawili baadaye upande wa pili wa ukuta huo, ambao ni chumba cha watoto, ulijaa ukungu mweusi na mdogo wetu akaanza kukohoa usiku. Tuliibandua saruji yote kwa tindo na nyundo, tukauacha ukuta uchi miezi minne ukauke, tukapiga chokaa. Ukungu haujarudi.

Chokaa yenyewe inapatikana wapi, na inatumikaje?

Zamani matumbawe yalipangwa juu ya rundo la magogo na kuchomwa, kisha unga wake ukazimwa kwa maji na kuachwa ulale. Leo matumbawe hai hayaguswi. Chokaa ya mifuko ya kiwandani inafaa, lakini soma mfuko: unataka chokaa ya ujenzi iliyochomwa na kuzimwa. Ile ya shambani ya kutibu udongo ni jiwe lililosagwa tu, haishiki kitu.

Hata ya mifuko sisi huiloweka kwenye mapipa wiki kadhaa, ikifunikwa na maji, mpaka inakuwa kama siagi. Kadiri inavyokaa ndivyo inavyoshika vizuri. Tunachanganya ndoo moja ya chokaa kwa tatu za mchanga mkali uliooshwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Mchanga wa ufukweni bila kuoshwa unajiletea mwenyewe chumvi unayoipiga vita. Na mchanga wa vilima vya Shela usiuguse hata ukiletewa mlangoni. Chini ya vilima hivyo ndipo yanapotoka maji ya mji.

Ukuta ulowanishwe kwanza, uso upigwe kwa tabaka nyembamba, kama sentimita moja hivi, na kila tabaka lisubiri. Chokaa haikauki tu kama nguo. Inavuta hewa na kugeuka jiwe taratibu, na ikikaushwa na jua haraka inabaki unga. Ndiyo maana tulitundika magunia mabichi mbele ya kuta, na kazi ya kuyanyunyizia maji asubuhi na jioni ilikuwa ya kifungua mimba wetu na bibi yake.

Boriti mpya?

Wauza miti wa Lamu wana majina kwa kila unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, banaa. Ukienda ukasema "nataka miti ya mikoko" utauzwa chochote. Urefu wa boriti ndio uliopima vyumba vyetu, ndiyo sababu ni vyembamba, mita mbili na nusu au tatu hivi, na ni virefu kama ushoroba. Ukataji wa mikoko unasimamiwa na Huduma ya Misitu ya Kenya, kwa hiyo nunua kwa mwenye kibali na uombe karatasi. Zikaushe kivulini, ziinuliwe juu ya ardhi. Na zile za zamani zilizooza ncha moja usizitupe: kata panapooza, zitatosha paa la jiko au varanda.

Zidaka na nakshi za plasta zilizovunjika zijazwe upya zote?

Zetu hatukuzijaza zote. Kwenye ukuta wa ndani kulikuwa na safu tatu za zidaka, vile vishubaka vya ukutani. Moja imebomoka kabisa, mbili zimebaki na nakshi zake zimefunikwa na tabaka ishirini za rangi nyeupe. Tulizisafisha kwa visu vya mbao, taratibu, usiku watoto wakilala. Palipovunjika tulipiga niru laini bila nakshi, ili ajaye ajue lipi la zamani na lipi letu. Kuna rafiki zetu waliochongesha upya kila ua, na ni kazi nzuri ya mikono ya vijana wa hapa, sina la kuwalaumu. Mimi napenda kuona mahali mkono wa yule fundi wa kwanza ulipokomea.

Nimeambiwa niuze mlango wa zamani, utalipa gharama zote.

Usiuze. Mlango wa nakshi ulitengenezwa kwa ukuta ule, na nchini mwetu ni kosa kuuondoa urithi wa namna hiyo bila idhini. Mpe seremala abadilishe kizingiti kilichooza, miimo na mfaa (ule ubao wa katikati ya mlango) viachwe.

Vifaa vinafikaje katika vichochoro vile?

Kwa punda. Pima mzigo kwa punda, si kwa lori: usiagize mbao za mita sita kama kona ya mwisho ya kichochoro chako haizipitishi. Wape punda maji na kivuli, wasibebeshwe mchana wa jua kali, na mwenye punda umlipe siku ile ile.

Choo, maji na stima mlifanyaje?

Choo kilituumiza kichwa kuliko nakshi zote. Nyumba za zamani zina kisima na shimo la choo ndani ya hatua chache, na mji umejaa watu. Maji ya kisima chetu tunayatumia kuoshea na kumwagilia tu, kamwe si kunywa. Shimo la zamani lilifungwa, tukajenga tangi la maji taka lililozibwa vizuri, linalofikika kwa kunyonywa.

Kwa stima, msimruhusu fundi kuchimba mifereji kwenye kuta. Kila mfereji unakata mawe madogo yaliyoshikana. Nyaya zetu zinapita kwenye paipu juu ya ukuta, kwenye kona ambapo boriti zinakutana na plasta, zikapakwa rangi ya ukuta. Vyumba vya choo viliwekwa pale pale vilipokuwa tangu zamani, na birika la mawe la kuwekea maji tulilitengeneza. Ndani yake tunafuga samaki wadogo wanaokula viluwiluwi vya mbu, kama walivyofanya waliotutangulia.

Fundi mzuri nitampata vipi?

Usiulize nani anajua chokaa. Kila mtu atasema anajua. Uliza ni ukuta gani aliupiga chokaa miaka mitano iliyopita, kisha nenda ukautazame ukiwa peke yako. Sisi tulimpata mzee ambaye alikuwa ameacha kazi. Alikubali kuja kwa sharti moja: alete vijana wawili awafundishe kwa gharama yetu. Mwanzoni niliona ni mzigo. Yeye sasa magoti hayampandishi ngazi, anakaa chini kwenye kiti na kuwaelekeza kwa bakora, na vijana wale wawili wana kazi mpaka Shela.

Mliishi wapi na watoto wakati wa ujenzi?

Mwaka wa kwanza kwa mama mkwe. Mwaka wa pili tulihamia vyumba viwili vilivyokwisha, na kazi ikaendelea upande wa pili wa kiwanda. Ukiwa na watoto, mambo matatu usiyafanyie mzaha. Chokaa mbichi huunguza ngozi na inaweza kupofusha jicho: mapipa yafungwe kwa vifuniko vizito, na maji safi ya kuoshea yawe karibu wakati wote. Kisima kiwekewe wavu wa chuma kabla hamjahamia. Na juu paani, kuta za ukingo za zamani ni fupi au zimelegea. Mlango wa ngazi ukae na kitasa ambacho mtoto hakifikii.

Zaidi ya hapo waacheni washiriki. Wetu wanajua kuchuja mchanga, na wanawasahihisha watu wazima wanaosema "ua" badala ya "kiwanda".

Ilichukua muda gani, na fedha mlizipanga vipi?

Tulitarajia mwaka mmoja, ikawa mitatu na nusu. Fedha tulizigawa kwa misimu, si kwa vyumba. Kiangazi ni cha chokaa na paa. Masika mafundi hupumzika nasi tunakusanya. Tulitenga pia theluthi ya makadirio kwa yasiyoonekana, na yote ilitumika. Yaliyotupunguzia gharama ni mawe: tulichambua kila jiwe la ukuta ulioanguka na kulirudisha ukutani.

Mtaifanya nyumba ya wageni?

Hapana. Wengine wamefanya hivyo na imewasaidia kulipa madeni, na sabule kwa asili ni chumba cha mgeni. Lakini mtaa ukijaa nyumba za wageni, jioni hakuna watoto vichochoroni, na sisi tulikuja kwa ajili ya jioni hizo.

Kwa hiyo sasa imekwisha?

Bado. Kidari cha meko, yaani jiko la huko juu paani, hakijaezekwa, nami napika chini kwa gesi. Ufa mmoja kwenye msana wa yuu una kipande chetu cha plasta chenye tarehe ya Machi; masika haya hakikupasuka, nataka kukiona kinavuka na ya mwakani. Boriti kumi na nne zimelala kiwandani kwenye kivuli, zinakauka. Mafundi watarudi baada ya Maulidi.